Sahani Iliyopita Mikono Mitatu

Fundi wa msumeno hakuwa na baiskeli, hakuwa na cheti cha ufundi, hakuwa na mtoto wa kiume wala kiwanja cha kumwachia. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na sauti ya kubishana na watu waliosoma. Hakuwa na kovu hata moja mikononi, jambo ambalo katika kiwanda cha mbao ni adimu kuliko cheti. Na tangu mwezi wa tatu, alipotobolewa kidole zahanati na muuguzi akatikisa kichwa, hakuwa tena na haki ya kijiko cha sukari katika chai yake mwenyewe.

"Kisukari," muuguzi alisema. "Si mwisho wa dunia, mzee. Ni mwanzo wa adabu."

Akampa vidonge, akampa na karatasi yenye picha ya sahani iliyogawanywa kama shamba la urithi: nusu mboga za majani, robo nyama, samaki au maharage, robo wali, mkate au viazi. "Kidonge asubuhi, kidonge jioni, na chakula juu yake. Usiruke mlo. Ukijisikia vibaya, njoo." Alitaka kumweleza huko kujisikia vibaya kunakuwaje, lakini foleni ilikuwa imefika nje ya mlango na mtoto mmoja alikuwa analia kwa nguvu. Akaita anayefuata.

Fundi aliikunja karatasi mara nne. Njiani alimwomba mkewe aliyemsindikiza jambo moja tu: kazini asijue mtu. Mwaka uliopita mlinzi wa kiwanda alianguka kifafa getini, na bosi alimlipa siku zake akamwambia kwamba pale si hospitali. Mlinzi alikuwa na kazi ya kukaa kwenye kiti. Yeye Fundi alikuwa na kazi ya kusukuma mbao kwenye msumeno unaozunguka.

*

Karatasi ilibandikwa jikoni juu ya ndoo ya maji. Binti, aliyekuwa anauza vocha na kutengeneza simu, aliisoma mpaka chini huku akicheka.

"Robo wali? Mama, wali ni sukari iliyovaa nguo nyeupe. Daktari wa kwenye simu amesema mgonjwa asiguse hata punje. Mayai, nyama, mafuta, basi."

"Daktari gani huyo anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba?"

"Ana wafuasi laki nne, mama."

"Na mimi nina mume mmoja."

Mdogo wa mke, shemeji yake Fundi, aliyekuwa akiishi nao tangu aachike, aliweka kisu chini. "Dada, na mimi niseme? Yule mama anayeuza viatu karibu na meza yangu alikuwa nacho miaka minane. Leo ni mzima. Anasema ugonjwa huu unaletwa na kula ovyo ovyo. Mlo mmoja kwa siku, na maji ya majani machungu. Maharage na matunda hayagusi kabisa. Tunda, anasema, ni pipi iliyozaliwa mtini."

"Mzima yule, mama mdogo?" binti alisema. "Mimi nimempiga picha ya kitambulisho. Ilitoka mifupa na hereni."

Wakacheka, hata mke. Kisha mke akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. "Tutafuata karatasi ya zahanati. Nimemaliza."

Wote wawili wakasema sawa. Hiyo sawa ndiyo iliyoleta balaa, maana hakuna aliyeimaanisha.

Chakula cha Fundi kilikuwa na njia yake ya miaka mingi. Mke alipika alfajiri na kupima, kisha akawahi shule alikokuwa akifagia madarasa. Binti alifunga chakula kwenye hotipoti. Shemeji aliibeba, kwa kuwa meza yake ya mitumba ilikuwa hatua chache kutoka geti la kiwanda. Sasa mke, kwa woga, aliitazama ile robo ya wali akaiona ni nyingi, akaikata nusu. Binti, mama yake akishapinda kona, aliuchota wali uliobaki akautia kwenye sahani yake, akaweka yai mahali pake. Mkate wa asubuhi nao aliuondoa kwenye meza ya baba yake kabla hajatoka kuoga. Shemeji, akishapanga nguo zake, aliifungua hotipoti, akatoa maharage na ndizi, akajaza maji machungu kwenye chupa ya chai, na kwa kuwa mlo mmoja ndiyo dawa, aliikalia ile hotipoti mpaka saa tisa.

Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayepunguza. Kila mmoja alimwona Fundi akipungua mwili, mkanda wa suruali ukiongezwa tundu, akajipongeza kimoyomoyo. Nia mbaya haikuwamo. Wote watatu walimpenda, na wote watatu walikuwa wakimuua.

Fundi hakuuliza. Alilelewa kwamba mwanamume anayeuliza habari ya sahani yake ni mlafi. Tena mwezi ule alikuwa ametoa pesa pungufu ya matumizi kwa sababu ya zahanati, na alipofunua hotipoti na kukuta mboga na yai aliona jibu lake. Mke wangu amebanwa, akawaza, na anaona aibu kuniambia. Akala taratibu ili ionekane ni chakula kingi.

*

Kazi ya msumeno ni ya watu wawili. Fundi alisimama mbele na kusukuma ubao. Upande wa pili alisimama mvutaji, mtu mrefu mwembamba wa miaka arobaini aliyeitwa Kijiti, akiupokea. Mezani palikuwa na mstari wa rangi ya njano ambao mkono wa mvutaji haukuruhusiwa kuuvuka. Na anayesukuma hakuruhusiwa kamwe kuurudisha ubao nyuma mashine ikizunguka, maana mwenzake huwa ameushika, na ubao ukirudi unarudi na mkono. Ubao ukikwama, unazima mashine. Wawili hao walifanya kazi pamoja miaka kumi na moja bila kuhitaji kukumbushana.

"Mzee, mbona unatoka jasho na feni inakupiga?" Kijiti aliuliza siku moja saa tano.

"Umri."

"Umri gani huo unaokuja saa tano na kuondoka saa kumi? Chukua soda yangu. Nimepiga mafunda mawili tu."

Fundi aliitazama ile chupa kama mtu anavyotazama nyoka mlangoni. "Sinywi vitu hivyo."

"Ehee! Siku hizi mdomo wangu unanuka?"

"Nimesema sinywi, bwana."

Alikwenda nyuma ya rundo la mbao. Magoti yalilegea, moyo ulimwenda mbio, vidole vilitetemeka mpaka pakiti ya dawa ikapiga kelele. Hii ndiyo sukari inapanda, akajiambia; imeninusa nikiwa karibu na soda. Akatoa kidonge kingine, ambacho hakikuwa cha saa ile, akakimeza kikavu. Alirudi kwenye mashine akijisifu kwamba ameushinda mtihani.

Kwa wiki mbili alifanya hivyo kila alipotetemeka. Alitetemeka karibu kila siku.

*

Alhamisi ile mashine zilikuwa hazijapumzika tangu asubuhi, kwa sababu kulikuwa na oda ya milango sitini. Saa nane na nusu hotipoti ilikuwa bado chini ya meza ya mitumba. Fundi alikuwa na vidonge viwili tumboni, yai moja, na chai kavu ya alfajiri.

Aliusikia msumeno kwa mbali, kama unaunguruma nyumba ya tatu. Aliitazama mikono yake ikisukuma ubao akaona ni mikono ya mtu anayemfahamu kidogo. Katikati ya ubao palikuwa na fundo gumu. Meno ya msumeno yakaguna. Mahali hapo, mara elfu nyingi, mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye swichi. Safari hii haukwenda. Mikono yote miwili iliushika ubao, ikauvuta nyuma.

Kijiti hakupiga kelele mara moja. Alisema tu, "Mzee," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita mwenzake aje aone kitu.

Mashine ilizimwa na mtu mwingine. Kijiti alikimbizwa hospitali kwenye gari la kubebea mbao, mkono umefungwa fulana. Fundi alikutwa amekaa kwenye vumbi la msumeno, macho wazi, hasikii. Watu wakasema ni damu imemshtua. Mama wa ofisini alileta chai aliyoitia vijiko vinne vya sukari, akakaa karibu naye na kumnywesha kikombe kizima. Ulimi wa Fundi uliitambua sukari naye akaogopa, akijua kwamba sasa anakufa. Lakini hakufa. Baada ya dakika kumi kuta zilirudi mahali pake, na mikono ikawa yake tena.

Msimamizi alikuja na daftari. "Kijiti anasema ulirudisha ubao."

"Mimi?"

"Ulirudisha au hukurudisha?"

Fundi alitafuta kichwani. Palikuwa na saa nane, palikuwa na chai. Katikati hapakuwa na kitu. "Miaka ishirini na sita," alisema, "sijawahi kurudisha ubao."

Yalikuwa maneno ya kweli, yote, kwa kadiri alivyokumbuka. Msimamizi akaandika kwamba mvutaji alivuka mstari.

*

Kesho yake Fundi alikwenda zahanati na wanawake wote watatu, maana hakuna aliyekubali kubaki nyumbani. Muuguzi alisikiliza habari ya chai ya vijiko vinne, kisha akavuta kiti akakaa.

"Nani anapika?"

"Mimi," alisema mke.

"Nani anafunga?"

"Mimi," binti alisema.

"Nani anapeleka?"

Shemeji aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Haya. Ile robo ya wali niliyoichora, ilipofika kiwandani ilikuwa imebaki kiasi gani?"

Mke alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nilipunguza kidogo. Niliifanya nusu. Niliogopa."

"Mama!" binti aligeuka. "Wewe ulipunguza? Mbona hukusema? Mimi nilikuwa nautoa wote uliobaki. Na mkate wa asubuhi."

"Wa asubuhi!"

"Mimi sikugusa wali," shemeji alisema haraka. "Mimi ni maharage tu. Na ndizi."

"Ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Niliyala, dada. Ningeyatupa?"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakashika mbavu. Muuguzi akamgeukia Fundi. "Na wewe mzee, ukitetemeka ulifanya nini?"

"Niliongeza kidonge."

Muuguzi aliiweka kalamu mezani. "Vidonge hivi vinashusha sukari. Chakula ndicho kinachoizuia isishuke kupita kiasi. Nyinyi mmeondoa chakula, yeye ameongeza dawa. Ile soda ya mwenzako ndiyo ingekuokoa. Na mimi nilipaswa kukueleza siku ya kwanza. Sikukueleza."

Alimpunguzia dawa, akamkataza kusimama mbele ya mashine mpaka apimwe tena na tena. Na huenda, akasema bila kumficha, asirudi kabisa. Wanawake walianza kuuliza yote kwa pamoja, viazi vipi, mayai mangapi, yule daktari wa simu je. Fundi aliuliza swali moja tu.

"Mtu akiwa katika hali ile, anaweza kufanya jambo asilikumbuke?"

"Anaweza. Hata kuzungumza, hata kutembea. Akaja kuambiwa na watu."

Fundi akashukuru, akasimama, akavaa kofia yake.

*

Jumamosi Fundi alikwenda hospitali. Kijiti alikuwa kitanda cha dirishani, mkono umefungwa kama mzigo wa posta. Vidole vitatu havikuwemo ndani.

"Karibu, mzee. Sasa nikitaka kuhesabu mpaka kumi itabidi niazime kwako."

Fundi alicheka kwa sababu mgonjwa alitaka achekewe. Akaweka machungwa mezani. Chini ya kikombe palikuwa na karatasi yenye nembo ya kiwanda, na Kijiti alimsogezea kwa kiwiko. Ilisema ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe kuvuka mstari. Kwa hiyo hakuna fidia, na atalipwa mpaka siku ya ajali.

"Wamefika jana, wakaniwekea kalamu kwenye mkono wa kushoto," Kijiti alisema. "Nimewaambia mimi kushoto sijui kuandika. Wanarudi."

"Usitie sahihi."

"Nisitie kwa hoja gani? Wamesema wewe umekataa. Mzee, mimi sikuvuka." Alitazama dirishani. "Au nilivuka? Kila mtu ameniambia nilivuka, mpaka nikifumba macho nauona mkono wangu ukivuka. Niambie wewe. Nikijua sikukosea, hata kama hakuna hela, nitapata usingizi."

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Fundi. Lilikuwa fupi, neno moja lingetosha. Aliiona kazi yake nyuma ya lile neno, akamwona mkewe na ufagio, akaona zahanati na safari zake. "Pumzika kwanza," alisema. "Tutaongea." Alipotoka alijua kwamba Kijiti bado anautazama mgongo wake, na kwamba katika maisha yake yote hajawahi kutembea vibaya namna ile.

*

Jumapili baada ya mlo wa mchana aliomba karatasi nzuri. Binti alimletea mbili.

"Nikuandikie kwenye simu, baba? Inatoka safi, haina makosa."

"Hapana. Nataka waone ni mwandiko wangu."

Mke alisoma mstari wa kwanza juu ya bega lake: Kwa Afisa wa Kazi wa Wilaya. Akafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Ukipeleka hiyo umejifukuza mwenyewe. Bila malipo ya uzee, bila kwaheri. Muuguzi anasema mboga, samaki, matunda. Tutakula robo ya nini? Robo ya hewa?"

"Shemeji, mpe bosi mkononi basi, kimyakimya," shemeji alisema. "Labda atamhurumia Kijiti na wewe akakuficha."

"Bosi ana pipa la taka karibu na kiti. Nimeliona."

"Baba, na polisi je? Wakisema ulijua unaumwa ukasimama kwenye mashine?"

Hilo Fundi alikuwa hajalifikiria. Kalamu ilisimama. Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani. Hatimaye alisema, "Nilijua ninaumwa. Kweli nilijua," akaendelea kuandika.

Aliandika taratibu, ulimi kwenye pengo la meno. Kwamba yeye ni mgonjwa wa kisukari tangu mwezi wa tatu na alilificha jambo hilo kazini. Kwamba siku ya ajali sukari ilikuwa imeshuka na akili haikuwa yake, na muuguzi wa zahanati anaweza kuthibitisha. Kwamba aliyeurudisha ubao ni yeye, ingawa hakumbuki, kwa sababu katika miaka kumi na moja Kijiti hajawahi kuvuka mstari wala kusema uongo, na mmoja wao wawili alikuwa na akili timamu saa ile. Kwamba anaomba mwenzake alipwe haki yake.

Mke alivuta kiti akakaa mkabala naye. Alikuwa analia bila sauti, kama anakata vitunguu. "Andika na mimi. Andika kwamba nilipunguza wali."

"Hilo si la ofisini."

"Andika. Wasije wakadhani ulijitakia."

"Na mimi," binti akasema.

Shemeji alitazama sakafu.

"Ubao niliuvuta mimi," Fundi alisema, akatia sahihi.

Jumatatu asubuhi walikwenda posta, yeye na mkewe, wakasimama kwenye foleni. Karani aliuliza kama ni ya kawaida au ya kusajiliwa. Fundi akasema ya kusajiliwa, ili mtu asije akasema haikufika. Aliilamba bahasha mbele ya karani, akaikandamiza kwa ngumi kwenye kaunta mara mbili, akaigeuza, akaitazama anwani yake kwa mara ya mwisho. Mkewe alimshika kiwiko. Hakumvuta wala hakumsukuma. Alimshika tu.

"Itafika lini?"

"Jumatano, mzee."

Jumatano ndiyo siku ambayo msimamizi alikuwa amemwambia arudi kwenye msumeno. Mvutaji mpya alikuwa amekwisha kupatikana.

"Jumatano ni sawa," Fundi alisema, akaisukuma bahasha chini ya kioo. Karani akaigonga mhuri, akaitupa kwenye gunia pamoja na nyingine, akaita anayefuata.